Unga wa Misuli Uliotaka Kuvunja Nyumba Yangu

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Naitwa Kawira, nashona nguo hapa Embu. Nasimama kushuhudia vile Mungu alinitoa kwenye aibu ambayo sikuitafuta.

Mume wangu Mutwiri hupenda kuinua vyuma kwenye jimu moja huku mtaa wa Dallas, hapa hapa Embu, tunakoishi. Mwaka jana mwalimu wake wa mazoezi alianza kumletea unga kwa mkebe. "Hii ni amino asidi tu," alimwambia. "Ukifanya mazoezi, inaamsha homoni za mwili wako mwenyewe."

Kweli mabega yalijaa haraka. Haraka sana, mimi nikaona. Mkebe wenyewe ulikuja ukiwa umeshafunguliwa. Na huyo mwalimu sikuwahi kumwona akiuonja unga huo. Yeye alikula mayai na maharagwe.

Halafu mume wangu akabadilika. Akawa mkali kwa jambo dogo. Chunusi zilimjaa mgongoni, matiti yakaanza kuvimba kama ya msichana. Mtoto tuliyekuwa tunamwomba hakuja. Ndugu zangu, mama mkwe alitoka kwao Kaaga, kule Meru, kuja kumwona, akakataa chakula changu.

"Mwanangu amelishwa kitu," alisema, akinitazama mimi.

Mutwiri naye akaisukuma sahani yake. Hilo liliniumiza kuliko maneno.

Nililia mbele za Mungu nikiwa kwa cherehani, nikapata ujasiri. Nikawaambia, "Twende hospitali, na mkebe twende nao. Kama ni mimi, ionekane."

Mama mkwe alichagua daktari wa Nkubu anayemwamini, akaja nasi asidanganywe. Majibu ya damu na ya unga yalipotoka, daktari alimwambia Mutwiri, "Amino asidi ni vipande vya protini. Haziotishi mwanaume matiti. Umekuwa ukipewa homoni ya kiume; ikizidi mwilini, nyingine hugeuka ya kike, na mwili wako umeacha kutengeneza yake, hata mbegu za mtoto."

Mutwiri akamgeukia mama yake. "Mama, si Kawira."

Aliacha unga ule. Kifua kinashuka, hasira zimepungua, na vyuma bado anainua. Mtoto tunamngoja. Mama mkwe anakula kwangu, ingawa mimi huonja kwanza, naye huniacha nionje. Yule mwalimu bado anauza mikebe yake, kwa hivyo msiniulize kama nimeacha kushuku.

Lakini namshukuru Mungu. Dada unayesingiziwa nyumbani kwako, mwite yeye, kisha kile unachokishuku ukipeleke kikapimwe. Mimi alinitetea, na aliyekuja kunishtaki akasikia kwa masikio yake mwenyewe.