Mama Masharti Anaondoka, na Tiketi Yake Haibadilishwi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, kaunta itakapofungwa jioni, ofisi yetu ya tiketi itakuwa inamuaga mwanamke aliyekaa kwenye dawati la dirishani kwa miaka thelathini na miwili. Wateja humwita Mama Masharti. Nasi humwita hivyohivyo, isipokuwa meneja, ambaye humwita Mama tu, tena kwa sauti ya chini. Kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia mimi kwa sababu dawati langu limepakana na lake, na kwa sababu kila mwingine aliyeombwa alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyingi.

Aliajiriwa akiwa mpiga taipu. Enzi hizo tiketi iliandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya kaboni, na ukikosea herufi moja ya jina la abiria, tiketi nzima ilitupwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa yeyote ofisini, kwa hiyo mwaka haukuisha akawa amehamishiwa kaunta, na kaunta haikumwachia tena. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa aliilalamikia wiki nzima, kisha akawafundisha wenzake kuitumia. Ya pili ilipokuja, vivyo hivyo. Amekuwa mkuu wa kaunta chini ya mameneja kadhaa, na nusu ya wakata tiketi wa mji huu wamefunzwa naye. Nusu iliyobaki wanadai walifunzwa naye.

Jina la Mama Masharti lilikuja pamoja na ndege za bei ya chini. Zilipoanza kuruka, ofisi yetu ilizitazama kwa jicho la pembeni, maana kamisheni yake haikununua hata chai. Wateja hawakutusubiri. Walijikatia tiketi wenyewe kwenye simu, kisha wakaja kwetu macho mekundu. Bwana mmoja alifika uwanjani na masanduku matatu, kumbe nauli yake haikuwa na nafasi ya hata moja, na alicholipishwa pale kilizidi nauli yenyewe. Dada mmoja aliugua siku ya safari, akadhani tarehe itasogezwa. Haikusogezwa, na pesa zikaenda na maji. Wote walikuja na kilio kimoja, kwamba wameibiwa. Mama Masharti alivaa miwani, akasoma maandishi yale madogo kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo nina hakika hata walioyaandika hawajawahi kulifanya, akatoa uamuzi kwamba hakuna aliyeibiwa. Watu walikuwa wamenunua kitu kizuri bila kuuliza ni kitu gani.

Maelezo yake tumeyasikia mara nyingi kiasi kwamba hata mfagiaji wetu anaweza kukata tiketi. Nauli ya chini kabisa, husema, inakununulia kiti kimoja, mkanda wa kiti na rubani mwenye akili timamu. Begi la kwenda tumboni mwa ndege ni pesa nyingine. Kuchagua kiti ni pesa nyingine. Chakula, maji, hata kuchapishiwa pasi ya kupandia pale uwanjani kama hukuichapisha nyumbani, pesa nyingine. Jina likikosewa, umia nalo. Ukiunganisha safari kwa tiketi mbili tofauti na ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili haikujui wala haikungoji. Tena inaweza kukushusha kwenye uwanja ulio mbali na mji, kwa hiyo uliza habari za basi kabla hujashangilia.

Hapo mteja huwa ameshakunja uso, naye humgeuzia upande wa pili. Rubani ana leseni ileile na mawingu ni yaleyale. Asiye na mzigo hasimami kungoja mzigo. Wengine wakiwa bado wanakodolea macho mkanda wa mabegi, yeye yuko nje anawakumbatia ndugu zake. Na mtu aliyekuwa akishindwa kwenda kuwaona wazazi kwa sababu ya nauli, sasa anaweza kwenda kila mwaka, ilimradi aende na nguo chache na tarehe asiyoitilia shaka.

Kisha huja sehemu iliyompa jina. Hamuuzii mtu nauli ile mpaka mtu huyo arudie kwa mdomo wake mwenyewe vitu vyote asivyopewa. Macho kwa macho, simu mfukoni. Ukisahau kimoja, unaanza upya. Kando ya kaunta liko sanduku lisilo na kifuniko, alilomwagiza seremala alitengeneze kwa vipimo vya begi linaloruhusiwa bure, na kabla ya safari kila mteja huja kulichomeka begi lake humo. Likikwama, anatoa viatu vilivyomo mbele ya foleni nzima. Wapo waliokasirika na kuapa kwamba hawatakanyaga tena hapa. Walirudi, tena na mashemeji zao.

Fundi cherehani wa jirani alirudia masharti yote bila kukosea, akaenda nyumbani kufikiri. Siku ya safari ya harusi ya mdogo wake alipita kutuaga akiwa amevaa koti refu alilojishonea mwenyewe, lenye mifuko ya ndani kuanzia kwapani hadi magotini. Mifukoni mlikuwa na suti, viatu, mashati na zawadi ya maharusi, ambayo ilikuwa seti nzima ya vijiko. Alitembea kama kabati. Getini walimtazama, wakatazama masharti, masharti hayakutaja koti, akapita. Ndani ya ndege joto lilimshika akaomba maji, akatajiwa bei. Mama Masharti aliposimuliwa alicheka hadi machozi yakamtoka. Tangu hapo kila mteja huambiwa abebe chupa tupu aijaze baada ya ukaguzi.

Wapo pia maharusi waliokataa kulipia viti. Bwana harusi alilirudia sharti hilo kwa madaha, akasema wao wawili watakaa pamoja popote. Kompyuta ikampeleka yeye mbele na mkewe nyuma kabisa, karibu na choo. Safari nzima alikuwa akipita njia ya katikati kwenda kumsalimu bibi harusi, na wahudumu wakimrudisha kitini, hadi abiria mmoja alipochoka kuwahurumia akakubali kuhama. Hawakutulaumu hata kidogo. Walituletea picha ya harusi, nayo iko ukutani juu ya printa.

Shirika moja la ndege liliwahi kumtuma afisa wake aje kuchunguza kwa nini malalamiko hayatoki kwenye ofisi yetu. Nadhani walishuku kwamba hatuuzi kitu. Alikaa siku nzima kwenye benchi la wateja, akasikia watu wakirudia masharti mmoja baada ya mwingine, akaondoka na vipimo vya sanduku. Mama Masharti alimsindikiza hadi mlangoni, akamwomba waongeze ukubwa wa maandishi. Hilo halijatekelezwa hadi leo.

Lakini kuna jambo ambalo watu wa nje hawalijui, na nikiliacha nitakuwa nimeandika nusu ya habari. Mwanamke huyu aliyeuza nauli ya chini kwa wingi kuliko mtu mwingine yeyote katika mji huu, yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuinunua. Binti yake wa pekee, ambaye ni muuguzi, alihamia nchi ya mbali na kuolewa huko. Alipopata mimba ya kwanza alimwomba mama yake aje. Mama Masharti akajikatia ile tiketi ghali, inayobadilishwa wakati wowote bila faini, kwa kuwa alizijua mno hatari za ile nyingine. Ni kosa ambalo mkata tiketi pekee ndiye anaweza kulifanya. Tiketi iliyoweza kubadilishwa, ilibadilishwa. Wiki ya safari tulikuwa tunahamia mfumo mpya wa kompyuta, meneja akamwomba asogeze kidogo, akasogeza. Ikaja likizo ya shule na foleni zake, akasogeza. Meneja akapasuliwa goti, akasogeza. Mtoto akazaliwa, akaota meno, akasimama dede, akatembea. Mjukuu alimjua bibi yake kama kitu kinachokaa ndani ya simu. Siku moja alijaribu kumlisha biskuti, na simu ikapelekwa kwa fundi.

Mwaka huu binti akapata mimba nyingine. Safari hii hakumwomba mama yake chochote. Alimpa habari, kisha akamwambia kwa upole, "Mama, usinitajie tarehe. Utaniambia ukishafika." Mama Masharti alitusimulia maneno hayo huku akipanga kalamu zake mezani, akimaliza anazipanga tena. Yalimuuma sana, na sisi tuliokuwa tukimsikiliza yalituuma pia.

Siku chache baadaye alizunguka kaunta, akaja kuketi upande wa wateja, mbele yangu, mkoba magotini. Aliomba nauli ya chini kabisa, ya kwenda tu, Jumamosi ya tarehe mosi Julai, yaani siku inayofuata baada ya kustaafu na muda mfupi kabla ya binti kujifungua. Nilimwomba, kwa heshima zote, arudie masharti. Foleni nzima ilisogea karibu. Alianza na begi, akaja kwenye kiti, chakula, maji, jina. Alipofika kwenye tarehe alisita kidogo, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni kwamba haibadilishwi kwa ombi la mtu yeyote, hata liwe zuri namna gani, na pesa hazirudi. Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akaanza kucheka peke yake. Nilibonyeza kitufe. Sijawahi kumwona mteja akilifurahia sharti kiasi kile.

Mtihani haukuchelewa. Mapema mwezi huu meneja, akihofia kwamba mrithi wa dawati bado hajaiva, alimwita Mama Masharti ofisini kwake na kumpa mkataba wa kuongeza miezi mitatu. Mitatu tu, alisema. Sisi tulisimama kaunta tukijifanya tunapanga karatasi, roho zikiwa juu, kwa sababu tunamjua: hajawahi kumkatalia mtu anayeomba kwa adabu. Na kweli hakumkatalia. Alimwambia kwamba yeye hana neno, ila tiketi haikubali. Meneja si mtu wa kukata tamaa. Alilipigia simu shirika la ndege yeye mwenyewe, akajitambulisha kwa cheo, akakumbushia urafiki wa miaka mingi. Mlango ulikuwa wazi, nasi tulimsikia akisomewa sharti mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Alipotaka kulipa faini aliambiwa hakuna faini, kwa kuwa hakuna kubadilisha. Aliweka simu chini, akatoka, akatangaza kwamba Mama anaondoka. Tulipiga vigelegele na vifijo hadi wateja wakadhani bei zimeshuka.

Cha ajabu, meneja ndiye aliyeonekana kutua mzigo kuliko sisi sote. Makabidhiano aliyodhani yatachukua miezi yamekwisha. Mrithi, dada mchangamfu wa dawati la mlangoni, anawarudisha wateja mwanzo wa masharti bila simile, na juzi alimkatalia shemeji yake mwenyewe. Meneja amekiri mbele ya wote kwamba alikuwa akiogopa kivuli chake, akaagiza chai kwa ofisi nzima.

Mama Masharti hakumtajia binti yake tarehe, kama alivyoombwa. Alichofanya ni kumtumia picha ya tiketi, bila neno hata moja. Binti huyo alikulia kwenye kaunta hii, akifanyia kazi zake za shule chini ya dawati la mama yake, na hakuna anayejua kusoma tiketi kumzidi. Hakuitazama tarehe. Alitafuta aina ya nauli, akaiona, akapiga simu papo hapo huku akilia na kucheka kwa pamoja. Alisema sasa anaamini. Mama yake akamkabidhi simu mfagiaji, naye akathibitisha kwamba hiyo haibadilishwi.

Jana alileta begi lake kulipima sandukuni kama mteja mwingine yeyote. Nguo zake mwenyewe ni chache mno. Nafasi iliyobaki imejaa fulana za mtoto mchanga na viatu vya mjukuu mkubwa, ambavyo safari hii aliuliza namba kwanza, kwa sababu kila jozi aliyokuwa akinunua zamani ilipitwa na miguu ikiwa bado kabatini. Begi liliingia bila kusukumwa, na aliyekuwa mbele kwenye foleni akampigia makofi.

Mama, kwa niaba ya kaunta, uhasibu, usafi na ofisi ya meneja, asante. Asante kwa miaka yote uliyokataa kumuuzia mtu kitu asichokielewa, kwa kelele zako za asubuhi, na kwa uvumilivu wako kwetu, ambao mara nyingine tuliutumia vibaya. Tumechanga, na zawadi yetu ni tiketi yako ya kurudi. Usitukaripie, hatukukununulia ile ya bei ya chini. Ni ile ghali kuliko zote, inayobadilishwa mara nyingi upendavyo, bila faini na bila maelezo. Nenda ukawapakate wajukuu wako, uamke muda unaotaka, upate afya na miaka mingi ya raha. Na tarehe ya kurudi ikikaribia, tupigie simu tuisogeze.