Chemchemi Iliyopimwa Februari

Ndugu waombolezaji, familia imemtuma Fermín Huillca, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya maji, awasomee maisha ya dada yake, nayo imemwonya asiruke hata mstari.

Marehemu Saturnina Huillca Ccoyo alizaliwa tarehe 29 Novemba 1951 hapa Huayllapata, milimani Apurímac, akasoma hadi darasa la tatu tu kwa kuwa mifugo ilitaka mchungaji, na tangu hapo kazi yake ikawa kuchunga lama na kondoo kule juu chemchemini, masika na kiangazi, zaidi ya miaka hamsini. Tarehe 12 Mei 1972 alifunga ndoa na Crisólogo Anampa, aliyemtangulia mwaka 1999, wakajaliwa watoto wawili, Nazaria na Eleuterio, ambao wapo nasi.

Februari 2014, katikati ya masika, mhandisi wa mradi wa maji ya bomba alipanda chemchemini na ndoo ya kamati, ikajaa kwa sekunde nne, akaandika kuwa maji yanatosha kijiji kizima. Kwenye mkutano wa kijiji marehemu alisimama, akasema, "Mhandisi, rudi upime Agosti. Februari hata jiwe hutoa maji." Watu wakacheka, na mwenyekiti, huyu huyu anayesoma, akamjibu mbele ya wote, "Dada, kaa chini. Ya mhandisi mwachie mhandisi."

Akakaa. Lakini msaragambo ulipoitwa hakununa, alichimba mtaro siku arobaini na moja, mjane wa miaka sitini na miwili, huku wanaume wenye nguvu zao wakitafuna majani ya koka kivulini.

Mradi ulizinduliwa tarehe 20 Machi 2015, mvua ingali inanyesha, bamba likabandikwa, mwenyekiti akatia sahihi kwamba kazi imekamilika, na Juni mabomba yakakauka. Kila kiangazi marehemu alirudi kuchota korongoni, wanakokunywa ng'ombe, hadi tarehe 3 Agosti mwaka huu wa 2018 homa ya matumbo ilipomlaza, akafariki tarehe 17 katika kituo cha afya. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kumbe hapa aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Jana mwenyekiti alipanda na ndoo ile ile kutafuta maji ya kumwosha, akaikinga tangu asubuhi hadi alasiri, haikufika nusu. Ndiyo maji aliyooshwa.

Familia inamshukuru muuguzi aliyekesha naye, majirani waliochimba kaburi, na wanakamati wenzake mwenyekiti, ambao wamekuja ingawa wanaona haya. Mhandisi alipigiwa simu, hakupokea. Nguo za marehemu zitafuliwa siku ya tano, kama ilivyo desturi yetu, nasi tutashuka nazo korongoni.

Dada Saturnina, ulisema kweli, na mimi ndiye niliyekukalisha. Lala kwa amani, kama amani tumekuachia.