Lyle Brandvold Anawaaga Kware wa Kettle Ford

Jumatatu, tarehe 1 Septemba 2014, mchezo wa mwisho wa msimu utakapomalizika, Lyle Brandvold atavua jezi namba 38 na kustaafu. Atakuwa ametimiza misimu thelathini na mmoja akiwa meneja wa timu yetu ya besiboli, Kware wa Kettle Ford, hapa Iowa. Ameshinda michezo 2,088 na kupoteza 2,161. Ile aliyopoteza anaikumbuka zaidi, tena kwa tarehe.

Alizaliwa Minnesota, mtoto wa fundi bomba. Alicheza miaka sita akiwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na hakuwahi kufika ligi kuu hata kwa siku moja. Magoti yalipomshinda alikabidhiwa timu yetu, mwaka 1984, kwa mkataba wa msimu mmoja. Inaelekea hakuna aliyekumbuka kumwondoa.

Kazi ya meneja wa ligi ndogo ina ugumu wake. Wachezaji ni mali ya klabu kubwa ya mjini, iliyo ligi kuu. Ukimfundisha mmoja akaiva, simu inalia, anachukuliwa, nawe unabaki na pengo katikati ya wiki. Brandvold ametoa wachezaji arobaini na watatu kwa njia hiyo, na kila mara aliwabebea mabegi mpaka kwenye gari.

Waamuzi walimtoa uwanjani mara sabini na nne. Mwaka 1989 alipotolewa, alivaa aproni akaingia kwenye kibanda cha mahindi kilicho nyuma ya benchi letu, akaendelea kuwaelekeza wachezaji huku akiuza. "Mahindi moto! Sogea kushoto, Ramón! Kushoto, wewe! Siagi bure!" Mwamuzi alisikia kila neno. Baada ya mchezo alinunua mahindi mawili.

Lakini atakayeulizwa Kettle Ford habari za Brandvold atasimulia Alhamisi moja ya Julai 1996.

Wakati huo ofisi yake ilikuwa na desturi ambayo hata mchezaji aliyewasili jana aliijua. Ukiitwa ukakuta mlango wazi, kuna habari njema. Ukiukuta umefungwa, umeachwa. Brandvold aliufunga ili mtu apate kulia bila kutazamwa na wenzake.

Mdakaji wetu, Duane Kubicek, alikuwa na miaka thelathini, tisa kati ya hiyo ameimaliza ligi ndogo. Alikwisha kumwahidi mkewe Marlys kwamba msimu ukiisha watarudi kufuga nguruwe kwa baba mkwe. Saa nne asubuhi simu ililia: mdakaji wa klabu kubwa amevunjika kidole, Kubicek anatakiwa uwanjani kwao kabla ya saa moja jioni. Akikosa, ataitwa mwingine.

Brandvold alimtuma Arlene Voss, dereva wa basi letu, akamwite. Kisha, akiwa peke yake ofisini, machozi yakamtoka. Mtu wa Minnesota halii mbele ya vijana. Akafunga mlango.

Kubicek alifika, akauona mlango. Chumba kizima cha kubadilishia nguo kikainamia viatu. Kubicek hakubisha hodi. Alichukua glavu yake, akaingia kwenye gari lake, akaondoka.

Brandvold alijifuta uso, akafungua. "Duane yuko wapi?"

"Ameshaenda, Mzee," alijibiwa. "Si ulifunga mlango?"

"Nilikuwa nalia tu, wajinga nyie!"

Gari lake mwenyewe lilikuwa gereji, kwa hiyo alipanda basi la timu akiwa na jezi na viatu vya njumu, Arlene akakanyaga mafuta kuelekea magharibi, njia ya kwa baba mkwe wa Kubicek. Walimkuta Kubicek baada ya dakika arobaini, kwenye kituo cha mafuta, ameshika mkate wa nyama ya nguruwe ambao hajauuma hata mara moja.

"Panda, we ng'ombe!" Brandvold alipiga kelele kutoka mlangoni mwa basi. "Unaitwa ligi kuu!"

"Usinifanyie utani, Mzee. Leo sitaki utani."

"Duane. Nitazame macho."

Kubicek alimtazama, akaona yalivyovimba, akakaa chini pale pale kwenye saruji.

"Mtakumbatiana siku nyingine," alisema Arlene. "Uwanja wa ndege ni saa nzima, na gari langu hili halipiti maili hamsini kwa saa."

Kubicek alipanda ndege akiwa na suruali ya mazoezi. Arlene akageuza basi, na kesho yake asubuhi Brandvold mwenyewe aliung'oa mlango wa ofisi kwa bisibisi. Habari mbaya amezitoa tangu hapo yeye na mchezaji wakitembea wawili nyasini, mbali na macho ya watu.

Duane Kubicek alikaa ligi kuu siku kumi na moja, kisha akaenda kufuga nguruwe, na jina lake limeandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za ligi kuu pamoja na wote waliowahi kucheza huko.

Sisi tulikuwa na mchezo wetu jioni ya Alhamisi ile ile. Brandvold aliuongoza akiwa na redio ndogo sikioni, ikitangaza mchezo wa klabu kubwa, na kusema kweli hakuuongoza. Katika awamu ya nane kocha msaidizi alimgusa bega. "Mzee, tumefungwa tisa kwa moja. Tubadilishe mrushaji?"

"Nyamaza," alisema Brandvold. "Duane ameupiga mpira. Yuko kituo cha kwanza."

Kwa hayo, Lyle, na kwa misimu yote thelathini na mmoja, wafanyakazi wa Kware tunakushukuru. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma, na majira mengi ya joto ya kulala kitandani kwako na si kwenye kiti cha basi. Uishi vyema, wewe na mkeo, Bibi Solveig.