Yule Mama wa Kwenye Pakiti

VENANT: Haloo? Ni nani?

GORETH: Ni mimi, Papa.

VENANT: Mimi nani? Huku ugenini Mount Druitt kila anayepiga anasema ni mimi.

GORETH: Goreth, binti yako. Amahoro?

VENANT: Ah, mama. Amahoro. Umeamkaje? Na hao wazee unaowaogesha, wameamka?

GORETH: Wameamka, wamekula. Niko break, na unité zangu za simu kidogo sana, kwa hiyo—

VENANT: Na watoto?

GORETH: Wazima. Papa, Diane ameniambia—

VENANT: Huyo Diane jana alikula ndizi zangu zote. Namuuliza umeshiba, mjukuu wangu? Ananijibu "yeah, yeah". Lakini kaosha vyombo, ana adabu—

GORETH: Papa. Kuna meza sebuleni kwako?

VENANT: Iko. Nyumba bila meza ni zizi la mbuzi.

GORETH: Yenye mishumaa. Na maua ya njano. Na foto ya mwanamke wa Meksiko.

VENANT: Diane ana macho mazuri.

GORETH: Kwa hiyo ni kweli.

VENANT: Kweli tupu.

GORETH: Yesu wangu. Papa, leo jioni mchungaji Fidèle anakuja kwako kuomba, na kwaya nzima. Unajua mimi ndiye naongoza kwaya. Atakuta nini hapo?

VENANT: Atakuta kiti. Akae.

GORETH: Naomba uitoe kabla hawajafika.

VENANT: Sitoi.

GORETH: Basi ifunike na shuka tu—

VENANT: Goreth. Nimeshasema.

[mtandao unakwaruza]

GORETH: …huyo Rufina, jirani yako. Ndiye kakufundisha hayo mambo ya kuwaita wafu.

VENANT: Kanifundisha, ndiyo. Kwao Meksiko mwezi huu wa kumi na moja ukiingia, wafu wanarudi siku moja kusalimia. Unaweka mkate, maji, chumvi, na kile chakula marehemu alikipenda. Unamwaga maua kutoka mlangoni mpaka mezani ili asipotee. Watoto wanapewa mafuvu ya sukari—

GORETH: Mafuvu, Papa?

VENANT: Ni peremende. Nimekula moja, tamu. Ila inaganda kwenye meno.

GORETH: Papa, watu wanasema. Wanasema mzee Venant kapata mjane, sasa hata foto yake kaiweka sebuleni na mishumaa. Mama hata hana miaka mitatu kaburini—

VENANT: Subiri kwanza. Foto ya nani?

GORETH: Ya Rufina.

VENANT: [anacheka mpaka anakohoa] Ooh, mwanangu. Rufina ana marehemu mume wake kwenye meza yake, ana masharubu kama fagio, na kamwekea bia. Mimi ningepita wapi hapo? Huyo wa kwangu ni mama wa kwenye pakiti.

GORETH: Pakiti gani?

VENANT: Pakiti ya kahawa. Kaka zake Rufina wanalima kahawa milimani kwao, wako na koperative, na ile kahawa inauzwa hapa Granville pale sokoni Jumamosi. Ile wanayoita ya bei ya haki. Juu ya pakiti kuna mama anachuma. Kapiga goti moja chini, kapu liko kiunoni, kitambaa kichwani, uso hauonekani vizuri. Nikasema, huyu ni Anésie, mama yako. Ndivyo alivyokuwa anachuma, matawi ya chini anayaanza yeye mwenyewe, hampi mtu. Nikakata na kisu, nikasimamisha kwenye glasi.

GORETH: Umeweka pakiti badala ya mama.

VENANT: Sasa ningeweka nini? Foto ya mama yako iko moja tu duniani, na unayo wewe. Nimeomba Pasaka, ukasema utatafuta. Nimeomba siku ya kipaimara cha Diane—

GORETH: Iko kwenye sanduku.

VENANT: Najua iko kwenye sanduku.

GORETH: Nikiitoa nalia, Papa. Na kesho yake nina shift.

VENANT: Basi lia, mama. Nani kakukataza? Tulimwacha kambini Kanembwa kwenye udongo ule mwekundu, turubai la matanga halijakauka, wakaita majina yetu ya kuhamia huku, tukapanda ndege. Hatukumaliza msiba. Hakuna pombe iliyonywewa, hakuna mzee aliyesimama kusema sasa rudini mashambani. Mwaka wa tatu huu. Mimi bado niko matangani, nakaa tu na viatu miguuni, nangoja kuambiwa rudi.

GORETH: Lakini mchungaji atasema ni kuabudu mizimu.

VENANT: Aseme. Mimi siabudu, nakaribisha. Yeye akija nampa kiti, sijamwabudu. Sikiliza, Goreth. Kule kwetu Kayanza, monitere wa kilimo, yule mkaguzi wa serikali, akikuta umechomeka hata mche wa maharage katikati ya kahawa, faini. Kung'oa mti, jela. Tulifunika mashina kwa nyasi wakati sisi wenyewe paa linavuja. Mama yako alikuweka mgongoni ukiwa na wiki mbili, akaenda kuchuma. Na ile kahawa inapanda lori inaondoka. Wewe uliwahi kuona kikombe cha kahawa nyumbani kwetu?

GORETH: [taratibu] Hapana.

VENANT: Hata kimoja. Nimekuja kuonja kahawa uzeeni, jikoni kwa Rufina, kapika kwenye chungu na mdalasini. Ananiambia kwao wanakunywa ya kwao asubuhi na jioni, hata watoto. Nikashika kikombe, nikakirudisha mezani. Anésie amekufa hajui ina ladha gani. Kwa hiyo leo nampikia. Atakaa pale, atakunywa, na mchungaji akiwa na neno alipeleke kwa Mungu, mimi niko bize.

GORETH: Papa—

VENANT: Na ukija kuitoa kwa mikono yako, utanitoa na mimi.

[Mlango unafungwa kwa mbali]

GORETH: Naitwa huku. Kuna mzee kitanda cha dirishani anataka kugeuzwa.

VENANT: Nenda kamgeuze. Taratibu.

GORETH: Papa, hiyo kahawa… utamwekea sukari?

VENANT: Ndiyo hapo nimesimama, sijui. Nitajuaje anavyopenda?

GORETH: Weka tatu. Kwenye uji alikuwa anaficha sukari chini, anadhani hatuoni.

VENANT: Alikuwa anaficha?

GORETH: Kila siku. Na usipike sasa, itapoa. Natoka saa tisa, napitia nyumbani Macquarie Fields, nafungua lile sanduku, halafu nashika treni. Huyo mama wa pakiti umsogeze kidogo pembeni, usimtoe. Kamshikia mama nafasi.

VENANT: Na kwaya yako?

GORETH: Waje. Tutaimba tumesimama pale pale mezani. Fidèle akinitoa kwenye uongozi, anitoe, ila kahawa ya kwanza ni ya mama, yeye atasubiri ya pi—

VENANT: Haloo? Goreth? Haloo?