Mukwe Wangu, Vua Shati

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Miye ni Mama Ngoie, ule munasemaka anapenda kuongea. Leo muniache niongee, maana Mungu aliniokoa na haya iliyotaka kuniulia mujukuu.

Zamani za Zaire, Kongolo, bwana ya binti yangu Kabedi, alikuwa anatumika ku kiwanda ya shaba hapa Lubumbashi, balikaa mu kambi ya bafanyakazi. Kabedi akazaa mbele ya wakati. Mutoto mwanamuke, mukono yake sawa kidole yangu. Alilala juma tano mu kuvezi, kile kisanduku cha moto cha hospitali. Masere, mutawa muuguzi aliyemulinda, siku ya kumutoa, akabaambia: «Sasa kuvezi ni nyinyi. Akae ku kifua, ngozi kwa ngozi, hata muchana. Mama akichoka, baba anamupokea.»

Nikafunga vitu vyangu, nikaenda kusaidia. Kikohozi kilikuwa kimenishika, masere alinikataza kubeba mutoto, lakini kupika na kufua naweza. Sasa, kwetu iko bukwe. Mama ya bibi na mukwe wake habaangaliani macho, habakuli pamoja. Mwanaume kuwa kifua wazi mbele ya mama-mukwe ni tusi kubwa. Na Kongolo alikuwa muntu wa heshima mingi. Miye niliingia kwa mulango ya mbele, yeye akatoka kwa ya nyuma, akaenda kulala kwa rafiki yake. Nikajisifu, nikasema nimepata mukwe muzuri kweli. Nikasonga bukari, ugali yetu, nikaimba.

Ndugu zangu, nilikuja kusaidia, kumbe nilifukuza kifua ya pili.

Siku ya ine, Kabedi akashikwa na homa. Alimuweka mutoto ku kitanda. Niligusa miguu ya mutoto, baridi. Midomo imeanza kugeuka rangi. «Mama,» akaniambia, «nguvu imeisha.» Na Kongolo, kila akitoka ku kazi, alikuwa anasimama kule mwisho wa lupango, kiwanja ya nyumba, mugongo kwetu, anasikilizia tu kama mutoto analia.

Nilipiga magoti mu kikoni. Bwana, bakubwa ba jamaa batasema nini? Sikusikia sauti yoyote. Nililia tu, na haya ikaniachilia. Nikatoka, nikamuita kwa jina:

«Kongolo, mwana wangu, ingia. Vua shati.»

Akaangalia chini. «Mama, na bukwe?»

«Bukwe tutaiomba musamaha kesho. Mutoto iko baridi leo.»

Akavua. Nikafunika pua na mudomo yangu na kitambaa, nikamufungia mutoto ku kifua na kitenge, na mikono yangu miye mwenyewe. Tukangoja. Miguu ikapata moto pole pole. Kisha ule mutoto akaanza kutafuta maziwa ku kifua ya baba yake. Tulicheka wote watatu, na machozi.

Ndugu yangu, kama haya imekufunga, umutegemee Bwana, uite muntu wako aingie. Miye namushukuru Mungu mupaka leo. Bakubwa balitutoza kuku mbili kwa kuvunja bukwe. Kuku tulizitoa. Mutoto tulibaki naye.