Jina Lililobaki kwa Mmoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkuu wa Chuo. Walimu mliowafundisha watoto hawa kushika waya bila woga, na kuogopa pale panapostahili woga. Wazazi wenzangu mliowahi mkapata viti vya kivulini, nanyi mliochelewa mkaangukia juani. Na ninyi wahitimu wetu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Niseme mapema, ili watu wasije wakaulizana pembeni, "Yule bibi ni wa nani?" Mimi si mzazi wa mhitimu yeyote hapa. Nilikuwa mshonaji wa hospitali. Nimeshona mashuka, mapazia ya wodi, na yale magauni ya kufunga mgongoni ambayo sijapata kumsikia mgonjwa akiyasifu. Nimesimama kusema kwa niaba ya wazazi kwa sababu mmoja wa wahitimu wa umeme ameomba iwe hivyo, na mama yake, yule dobi aliyekaa safu ya pili, amekubali kunipisha. Mhitimu huyo anaitwa Ulikuwapi.

Naam, chekeni. Mimi nililisikia jina hilo mara ya kwanza nikiwa kitandani, nimetoka kujifungua, na nilicheka mpaka mishono ikaniuma.

Mimi na mume wangu tulikaa muda mrefu kwenye ndoa bila mtoto. Alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache. Ndugu zake walikuja kibandani kwake kumpa ushauri ambao sitaurudia mbele ya vijana hawa. Aliwasikiliza huku anagonga misumari, na walipomaliza aliwauliza, "Haya, na kiatu mmeleta?" Basi siku mtoto alipokuja, muuguzi akamweka mikononi mwa baba yake. Mume wangu akamtazama, kisha akamwambia kama mtu anayemgombeza mgeni aliyesubiriwa sana: "Ulikuwapi? Ulikuwapi wewe siku zote hizi?"

Muuguzi, aliyekuwa anauliza jina la mtoto, akadhani ndilo hilo. Nikasema, "Jamani, tulisahihishe." Mume wangu akasema, "Liache. Ndilo neno nililokuwa nalo."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo asili ya jina hilo, na hakuna nyingine. Baadaye nilisikia watu wakisema lilikuwa jina la malkia wa zamani, wengine wakaapa kwamba limetoka ng'ambo. Lilitoka kinywani mwa fundi viatu aliyekuwa analia.

Shuleni lilimtesa kidogo, likamfurahisha sana. Siku moja alichelewa. Mwalimu akamsimamisha mlangoni kwa ukali, "Ulikuwapi?" Naye akaitika kwa adabu zote, "Abee, mwalimu." Darasa zima likavunjika mbavu, na mwalimu mwenyewe akashindwa kushika fimbo.

Alipokua akawa dereva wa gari la wagonjwa. Mwanamke wa kwanza kulishika gari lile hospitalini kwetu. Wako waliosema hataweza, na wengine walisema hivyo wakiwa wamelazwa humohumo ndani ya gari, analiendesha. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwawahisha akina mama wenye uchungu. Alikuwa na sauti ya taratibu. Aliongea nao njia nzima, akiwaambia tumepita sokoni, tumepita kiwanda cha matofali, sasa tunaona geti. Wapo waliojifungua kabla ya geti. Na mama aliyejifungua kwenye gari la binti yangu, mtoto akiwa wa kike, alimpa jina gani? Mnajua wenyewe.

Jina likasambaa. Likatoka kwa waliobebwa na gari lile likafika kwa wasiowahi kulipanda, maana kila aliyemngojea mtoto kwa muda mrefu aliliona kama limetungwa kwa ajili yake. Ikafika mahali muuguzi wa kliniki akiita "Ulikuwapi!" wanainuka akina mama kadhaa kwa pamoja, kila mmoja na wake mgongoni. Mtaani kwetu jioni zilijaa jina hilo. Ulikuwapi, njoo uoge! Ulikuwapi, mwache mwenzio! Mume wangu kila mara aliinua kichwa kwenye viatu vyake, akatabasamu, akainama tena. Sijui kama kuna tajiri aliyewahi kupata raha ile.

Kisha siku moja mchana, mvua ikinyesha, binti yangu alimfikisha mgonjwa salama, akageuza gari kurudi. Kwenye kona palikuwa na lori bovu limeachwa katikati ya barabara, bila alama yoyote. Hakuliona.

Watu waliniambia, "Afadhali alikuwa peke yake." Najua walinitakia mema. Lakini nawaomba, msije mkamwambia mama yeyote neno hilo.

Msibani nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, nyuma yangu kabisa, "Jina lenyewe lile lilikuwa mkosi. Unamuuliza mtoto aliko kila siku. Siku moja hutampata." Maneno hayo yalikwenda haraka kuliko gari la binti yangu. Akina mama wakaanza kuwaita mabinti zao majina mengine, mazuri tu, ya kawaida. Siwalaumu. Nani anataka kucheza na maisha ya mwanawe? Lakini, ndugu zangu, mimi nilimzika mwanangu siku moja, kisha nikasikia anazikwa tena nyumba hadi nyumba, kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, mpaka mtaa wote ukanyamaza. Mume wangu aliendelea kuinua kichwa watoto wakiitwa. Akasikiliza, akainama. Mwisho akaacha kuinua.

Ndipo dobi, mama huyu mnayemwona, akampeleka binti yake kuanza shule. Naye alikuwa amembadilishia jina, kama wenzake. Mwalimu akaliita jina jipya. Kimya. Akaliita tena. Kimya. Akamfuata mtoto kwenye dawati.

"Wewe, mbona huitiki?"

"Sijaitwa, mwalimu."

"Kwani unaitwa nani?"

"Ulikuwapi."

"Mimi? Nilikuwa ofisini."

Mama yake aliitwa shule. Akambembeleza mtoto, akamtisha, akamwahidi gauni. Mtoto akasema, "Hilo jingine mpe mdogo wangu akizaliwa. Mimi ninalo langu." Siku hiyohiyo dobi alikuja kwangu, nguo za watu zikiwa bado begani, akaniambia, "Mama, mimi niliogopa. Huyu kanishinda. Naomba nikuletee umwone." Nikamwambia asimlete kwangu. Ampeleke kibandani.

Tangu siku hiyo, kila alipotoka shule, mtoto yule alipita kwa fundi viatu. Mzee humuuliza, "Ulikuwapi?" Naye hujibu, "Shuleni, babu." Basi. Hukaa kwenye kigoda, akala alichobakiziwa, akaenda kwao. Mume wangu alianza tena kunyoa ndevu.

Watu walitaka binti huyu awe dereva, ionekane jambo limekamilika. Alikataa. Aliniambia, "Bibi, mimi magari nayaogopa. Nataka umeme." Nikamwambia umeme nao unaua. Akasema, "Huo nitajifunza." Nampenda kwa sababu hiyo. Hakuja kuziba nafasi ya mtu.

Mwaka jana mume wangu aliugua, akili ikaanza kumpotea. Wakamlaza kwenye shuka ambalo huenda nililishona mwenyewe. Mara anijue, mara aniite dada. Alasiri moja binti huyu alifika kutoka hapa chuoni, na sare yake, mikono ina grisi. Mzee akafumbua macho, akamtazama muda mrefu, nikaona wazi kwamba hamwoni huyu. Anamwona yule. Akamwambia kwa sauti ileile ya siku ya kwanza, "Ulikuwapi? Ulikuwapi wewe siku zote hizi?"

Mimi nilitaka kumsahihisha. Binti akanishika mkono. Akapiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Nilikuwa njiani, baba. Barabara ilikuwa mbaya. Nimefika."

Mume wangu akasema, "Haya." Akalala. Hakuamka tena.

Wahitimu, mmejifunza kazi ambayo mtu akiifanya vizuri hakuna anayemkumbuka. Taa zikiwaka, nani anamuuliza fundi? Lakini ipo kazi nyingine ambayo hakuna chuo kinachoifundisha, nayo ni kujua neno la kumwambia mtu anapokuwa hana muda tena. Mwenzenu huyu aliijua. Mkimwona anajificha nyuma ya kofia yake sasa hivi, mwacheni alie.

Mkuu wa Chuo, asubuhi uliniuliza kwa upole kama jina lake tulifupishe wakati wa kukabidhi vyeti, watu wasije wakacheka. Nimelifikiria nikiwa nimekaa pale. Naomba ulisome lote, tena kwa sauti. Wakicheka, waache wacheke kwanza, kisha urudie.

Nawashukuru kwa subira yenu, na kwa kunivumilia nilipokwama. Mama yake, simama nawe uonekane. Mimi nakaa.