Jua Linalozama Saa Nane

Pale Mashimoni, Nairobi, ukishapita kioski ya maji na kabla hujafika kwa fundi wa baiskeli, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili yaliyojazwa mchanga. Huo ndio ulioitwa kijiwe. Mwenyewe alikuwa Murunga, fundi wa koroboi, zile taa za mkebe, ambaye alikaa chini kwenye gunia akikata mikebe na kuilehemu, huku wenye maneno wakiwa wamekalia ubao na kusema. Mwaka huo wa sabini na saba stima haikuwa imefika Mashimoni, kwa hiyo Murunga hakukosa kazi na kijiwe hakikukosa watu. Wagaki, mama muuza kahawa, aliweka jiko lake pembeni, na birika la kahawa chungu juu yake, na sheria yake ilikuwa moja tu: anayeongea kushinda wenzake anunue kikombe cha pili.

Jumamosi moja ya Januari ilifika barua ya Nasipwondi. Huyu alikuwa binti yake Murunga, aliyekwenda Finland kusomea uuguzi kwa nafasi aliyotafutiwa na kanisa, na barua zake hazikuwa za baba yake peke yake. Alipokuwa akiondoka, kijiwe kizima kilimfungia safari. Wagaki alimfumia sweta mbili. Kitheka, askari wa usiku huko mtaa wa Woodley, ambaye wote walimwita Popo, alivua kabuti lake la kulindia akampa, akalinda miezi mitatu akijifunga gunia. Nashon Oloo, aliyewahi kufundisha shule huko Nyanza bila cheti na sasa akiandika vibao vya maduka, alichana ukurasa wa Ulaya kutoka kwenye atlasi yake kuukuu ili mtoto asipotee. Tangu siku hiyo jina lake likawa Atlasi, na tangu siku hiyo atlasi yake haina Ulaya. Basi ikawa desturi kwamba barua ikifika inasomwa pale ubaoni, mbele ya waliotoa vitu, na msomaji ni Atlasi.

Siku hiyo Murunga alivunja desturi.

— Leta nisome, mzee, Atlasi alisema, akijipangusa rangi kwenye suruali.

— Leo nasoma mwenyewe.

— Wewe? Si tutakunywa kahawa mpaka ya kesho.

— Kunyweni, Murunga alisema.

Ilikuwa ile barua ya ndege ya karatasi ya buluu, inayokunjwa yenyewe ikawa bahasha. Murunga alikuwa ameshaisoma mara tatu tangu asubuhi. Aliifungua polepole, akaweka dole gumba lake, lenye makovu ya risasi ya kulehemu, juu ya mistari ya chini kabisa. Kisha akasoma kwa mwendo wa mtu anayevuka mtaro kwa kukanyaga mawe:

“Baba mpendwa, natumaini mko wazima, na Mama huko Kimilili pia. Hapa jua linatoka saa nne na nusu asubuhi, na ikifika saa nane mchana limeshazama. Saa za huku ziko nyuma ya zenu saa moja tu, lakini nikiwafikiria mmekaa juani, mimi tayari nimewasha taa. Theluji imefika magotini. Kabuti la Popo nalivaa hata ndani ya nyumba. Koroboi yako nimeiweka dirishani, ila mafuta ya taa sijayaona dukani. Wasalimie wote wa kijiwe.”

Akaishia hapo. Dole gumba halikusogea.

— Saa nane, Kitheka alisema. Saa nane mimi ndio naamka.

— Na unajua kwa nini ni saa nane? Atlasi aliuliza. Sikilizeni. Dunia haijasimama wima. Imeegemea upande, hivi.

Alichukua mkebe mtupu wa Murunga, akauinamisha mbele ya jiko la Wagaki.

— Hii jiko ni jua. Hapa katikati ndio sisi, tunachomwa mwaka mzima. Hapa juu ndio Finland, imejificha nyuma.

— Na nani aliinamisha? Wagaki aliuliza.

— Viwanda. Wamejenga mavitu mazito upande wao mpaka dunia ikalemewa.

— Hata mimi najua baridi, na sihitaji mkebe, Wagaki alisema. Mimi ni wa Kinangop. Kule mwezi wa saba sakitu inashuka, asubuhi nyasi ni nyeupe, viazi vimekufa vyote. Lakini saa kumi na mbili na nusu jua iko pale pale, hata kama haina nguvu. Sasa huko jogoo anawika saa nne na nusu? Si watu wote watachelewa kazi?

— Jogoo wa huko amepewa saa, Atlasi alisema.

— Wacha jogoo. Fikiria askari, Kitheka alisema. Mimi mkataba yangu inasema jua kuzama mpaka jua kutoka. Huko nitaingia saa nane mchana, nitoke saa nne na nusu kesho yake. Nitapata saa ya kula kweli? Ningekuwa kule juu kabisa, mahali haitoki hata kidogo, ningeingia kazini Novemba nitoke Februari.

— Na mwizi? Wagaki aliuliza.

— Mwizi pia anachoka. Ataomba tulale kwa zamu.

Walicheka, na Murunga akacheka nao, ila kicheko chake kiliishia mdomoni. Chini ya lile dole gumba kulikuwa na mistari mitano, naye alikuwa ameishika kichwani:

“Baba, haya usiwasomee. Siku tisa sijaenda darasani. Naamka naona giza, narudi kulala. Sijui kama ni ugonjwa au ni uvivu. Nikirudi nyumbani kabla sijamaliza, utanipokea?”

Tangu asubuhi Murunga alikuwa na majibu mawili, na kila moja lilimtia hofu. Akimwambia arudi, atawatazama vipi watu hawa, ambao mmoja wao alijifunga gunia miezi mitatu kwa ajili ya mtoto asiye wake? Akimwambia avumilie, na giza likamzidi huko peke yake, atamwambia nini mama yake? Ndiyo maana alikuja kusoma ile nusu ya juu. Alitumaini kwamba watu wakiongea sana, jibu litadondoka lenyewe katikati ya maneno, naye aliokote bila mtu kumwona.

— Lakini kuna jambo, Atlasi aliendelea, na sauti yake ikawa ya mwalimu kweli. Mchana wa huko ni saa tatu na nusu. Wetu ni kumi na mbili. Mtu anasoma mchana, si ndiyo? Basi miaka mitatu ya kozi, ukiipiga hesabu, inakuwa kama miaka kumi.

— Miaka kumi? Murunga aliuliza, na safari hii aliuliza kwa moyo wake wote.

— Hapana, mzee, usiogope. Ikifika Juni jua haizami. Wanarudishiwa yote.

— Kama maji ya hapa, Wagaki alisema. Wanakata wiki nzima, halafu siku moja inakuja mpaka inaingia chini ya kitanda.

— Hiyo hiyo. Na ukitaka ukweli, Atlasi aliinamia mbele, hiyo jua wanakosa, sisi ndio tumekalia. Ikweta imepita hapo tu, karibu na kwetu Kisumu. Jua ikifika pale inanasa. Mungu akigawa upya, Mashimoni itapata saa tisa tu kwa siku.

— Ongeza kikombe, Wagaki alimwambia, akamimina bila kungoja jibu.

— Basi Murunga afunge kibanda, Kitheka alisema. Ahamie Finland na mikebe yake. Giza saa ishirini, kila siku. Atauza koroboi mpaka ajenge ghorofa.

Wakacheka tena. Murunga akainama akajifanya anatafuta utambi. Ile koroboi iliyokuwa dirishani huko, bila mafuta, aliitengeneza kwa mkebe wa kakao, akaisugua kwa jivu mpaka ikang’aa, na wakati ule aliona amempa mtoto kitu cha maana.

Hapo ndipo Kavetsa alipofika. Alikuwa mpangaji mpya, mama wa makamo kutoka Maragoli aliyekuja Mashimoni Alhamisi, na koroboi yake ilikuwa ikivuja mafuta kwenye kiganja. Alikuwa amesimama nyuma ya ubao kwa muda, akingoja wenye maneno wamalize dunia yao, nao hawakuwa na dalili ya kumaliza.

— Samahani, alisema. Huyo msichana mnaongea juu yake, kwa hiyo giza yote, anakaa na nani?

Atlasi aliuweka mkebe chini. Wagaki akaanza kumimina kahawa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa. Walikuwa wamemzungushia jua la Finland kwa mkebe, wakamhesabia miaka na majogoo, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kama mtoto ana mtu wa kumwambia habari ya asubuhi. Murunga naye hakujua. Hakuwahi kumwuliza katika barua hata moja.

Akaondoa dole gumba.

— Soma hapa chini, alimwambia Atlasi. Mtoto alinikataza, lakini mimi peke yangu nimeshindwa.

Atlasi alisoma ile mistari mitano kwa sauti ya chini, bila madaha. Alipomaliza aliikunja karatasi vizuri kwa mikunjo yake ileile.

— Nyinyi ndio mlimpa vitu, Murunga alisema. Nyinyi semeni.

Wagaki ndiye aliyejibu kwanza.

— Sweta nilifuma apate joto. Sikumfunga nayo kamba.

— Ukurasa wangu akirudi nao nitaugundisha, Atlasi alisema. Asiporudi nao pia, mimi safari ya Ulaya sina.

Kitheka alitoa filimbi yake kutoka mfuko wa shati, ile ya askari, ya bati, na akaishika tu.

— Miezi yangu ya kwanza kwa lango, nilikuwa nalia, alisema. Mimi mtu mzima, nina watoto wanne Machakos. Mchana nalala, usiku niko macho, nikakaa karibu wiki sita sijaona jua vizuri. Nikaanza kukataa chakula. Bosi akasema ni uvivu. Haikuwa uvivu, Murunga. Mwandikie hivyo. Ni giza. Giza inaingia mtu kama maji inaingia kiatu.

— Ulifanya nini? Kavetsa aliuliza.

— Mimi sikufanya kitu. Lango la jirani kulikuwa na mzee mmoja. Siku moja saa saba hivi ya usiku akapiga filimbi. Nikafikiri ni wezi. Akapiga tena, polepole, nikaelewa ananiita. Nikajibu. Basi kila saa ikawa hivyo, yeye anapiga, mimi najibu. Hakuna kitu alinisaidia, mwizi angekuja huyo mzee angekimbia kabla yangu. Lakini nilijua kuna mtu.

— Basi mwandikieni atafute lango la jirani, Kavetsa alisema. Agonge mlango wa pili. Hata kama hajui lugha yao vizuri, agonge tu aseme jina lake.

Murunga alitoa karatasi ya barua aliyokuwa ameinunua tangu asubuhi na kuogopa kuigusa. Hakumpa Atlasi. Aliiweka juu ya gunia, akaandika mwenyewe kwa ile kalamu ya risasi anayopimia bati, na neno la kwanza aliloandika, kabla hata ya salamu, lilikuwa “Nitakupokea.” Aliandika kwamba akitaka kurudi kesho arudi, na hakuna atakayemwuliza habari ya sweta wala kabuti. Aliandika kwamba si uvivu, Popo anajua, na asiogope kumwambia daktari wa shule. Aliandika habari ya mlango wa pili. Aliomba msamaha kwa kusoma alichokatazwa. Halafu akauliza alichopaswa kuuliza tangu mwaka jana: unakula na nani?

— Weka na yangu, Kitheka alisema. Huko jua inazama saa nane. Hapa inakuwa saa ngapi?

— Saa tisa, Atlasi alisema.

— Basi mwambie kila siku saa tisa, ikianza kuwa giza kwake, Popo anapiga filimbi hapa kijiweni. Asiseme hasikii. Hata mimi usiku mwingine upepo ulikuwa unachukua ile ya mzee, na nilikuwa najibu tu.

Murunga aliandika. Kisha akachukua koroboi ya Kavetsa, akaikagua, akaona pale inapovuja, akaiziba bila kumtoza kitu.

Jumatatu, birika la Wagaki lilikuwa limekauka mapema na ubao ulikuwa nusu mtupu. Saa tisa kamili Kitheka alitokea kwenye uchochoro, macho yamevimba kwa usingizi aliokatiza, akiwa amevaa ndara na lile gunia la siku zile. Hakumsalimia mtu. Alisimama ameelekea upande ambao Atlasi alikuwa amemwonyesha kuwa ni kaskazini, akapiga filimbi mara moja, ndefu. Watu waliokuwa wamepanga foleni ya maji wakageuka kumtazama.

Murunga alijua vizuri kwamba barua ilikuwa bado haijatoka posta ya hapa hapa Nairobi, na kwamba ingechukua wiki mbili njiani. Lakini aliweka mkasi chini akasikiliza, kwa muda ambao mtu wa lango la pili angehitaji kujibu. Kisha akachukua mkebe mwingine akaanza kukata.